Filamu Yangu Haikuchekesha, Nikamtwika Barasa Lawama

Kosa lilikuwa langu. Wacha niseme hivyo kwanza kabla sijaanza maneno mengi, kwa sababu najijua. Mimi ni mtu wa kujitetea. Ukinipa nafasi kidogo tu, utashtukia nimeshapata mwingine wa kulaumu.

Na hivyo ndivyo nilifanya, jamani. Nimekaa na hii kitu moyoni karibu miaka tisa na nimechoka. Sina hata nguvu ya kuipamba.

Mimi ni mpiga picha. Nilikuwa na studio ndogo pale Kitale karibu na soko, picha za kitambulisho, picha za watoto wa ubatizo. Miaka ya themanini ikielekea kuisha, nikapata kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani. Nani kama mimi! Nikawa napiga harusi kutoka Matisi mpaka Kimilili. Bwana harusi anangoja, pasta anangoja, mpaka mimi niseme tuendelee.

Kichwa kikavimba. Nikaona harusi ni kitu kidogo, sasa nitengeneze filamu. Filamu ya kuchekesha, ya watu wetu, wanaoongea kama sisi, wanakula chakula chetu. Na mtu wa kuchekesha nilikuwa naye tayari.

Nitamwita Barasa, ingawa si jina lake. Tulitahiriwa naye msimu mmoja, sisi ni bakoki, na kwetu Bungoma mtu mliyeingia naye jandoni ni zaidi ya ndugu. Barasa alikuwa anauza dawa ya panya sokoni Kitale. Alikuwa anatandika gunia chini, anapanga vipakiti vyake, halafu anaanza kuigiza panya aliyekula dawa. Panya anaita familia agawe urithi! Mke wa kwanza apewe ile shimo ya jikoni, mke wa pili apewe ghala la mahindi, na hapo vita vinaanza, panya mwenyewe anasahau kufa. Walikuwa wanakuja hata watu ambao nyumbani kwao hakuna panya. Siku moja mama mmoja alicheka mpaka akaangusha karai la nyanya, na bado akanunua pakiti mbili.

Yaani mdomo wake ndio ulikuwa shamba lake. Watoto wanne walikula kwa huo mdomo. Naomba mkumbuke hilo mkiendelea kusoma.

Hadithi ya filamu niliitunga mimi. Narudia, mimi! Ilikuwa ya kijana anayeenda kwa wakwe mara ya kwanza, na huyo kijana ni Barasa. Anawekewa kuku mzima, lakini kwa vile ni mkwe mwenye adabu, anasema ameshiba. Ameshiba na hajala tangu jana! Baadaye anaingia jikoni kinyemela kuiba firigisi, anasikia mama mkwe anakuja, anaruka kutoka, na suruali inashikwa na msumari. Inapasuka nyuma yote, kutoka kiunoni mpaka kwa goti.

Sasa anatokaje kwa hiyo boma? Anatoka kinyumenyume. Anaaga huku anarudi nyuma, anainama, anatabasamu, mama mkwe anamsindikiza. Na mama anashangaa, anawaambia majirani, "Mmeona kijana mwenye heshima? Hataki hata kunigeuzia mgongo!" Kadiri mama anavyomsifu, ndivyo anavyozidi kumsindikiza. Mwishowe Barasa anajikwaa kwenye beseni la maji ya ng'ombe, anaanguka, miguu juu, na mama anaona kila kitu.

Siku ya kupiga hiyo sehemu ilibidi niweke kamera chini mara mbili. Nilikuwa nacheka mpaka begani kunatetemeka, picha haikai. Barasa naye hacheki. Uso wake mkavu kabisa, anainama, "Asante mama, Mungu akubariki mama," na upepo unaingia nyuma! Haki ya Mungu sijawahi kuona mtu kama huyo.

Tulimaliza. Ndipo nikaharibu.

Mke wangu anatoka upande wa Kimilili, nyumba ya walimu na wazee wa kanisa. Wakwe zangu hawakuwahi kusema mimi ni mtu bure, lakini walikuwa wananiuliza swali moja kila nikienda. "Na sasa, baba, kazi unafikiria kutafuta lini?" Kazi! Na kamera iko kwa bega! Hiyo swali ilinikula sana. Nikasema filamu hii itazinduliwa Bungoma, kwa ukumbi mkubwa, na wakwe zangu wote watakaa mbele, waone watu wanavyoshangilia.

Nilimwambia Barasa. Akasema, "Bana, hiyo si sawa."

"Kwa nini?"

"Hii filamu ni ya mkwe na mama mkwe. Ionyeshe Kitale kwanza, kwa watu wa soko. Ukitaka Bungoma, onyesha wamama siku yao, sisi vijana siku yetu. Lakini ukiweka mama mkwe na mkwe kwa nyumba moja, nani atacheka?"

"Si ni filamu tu?"

"Suruali ni suruali," akasema. "Wewe unaweza kucheka mambo ya matako mbele ya mama mkwe wako?"

Nikamwambia anaogopa. Nikamwambia hayo mambo ni ya kizamani, sasa tuko na video. Mimi nimezaliwa Bungoma! Najua kabisa kwetu mkwe hakai kiti karibu na mama mkwe, hali mbele yake, hata mkono hampi. Nilijua tangu nikiwa mdogo. Lakini kiburi kiliniziba masikio.

Tukafika hiyo siku, Jumamosi mchana. Tulifunika madirisha ya ukumbi na mablanketi kuwe giza, tukaweka televisheni mbili juu ya meza, deki ya video chini, jenereta nje. Watu walijaa mpaka mlangoni. Na watu wa Kimilili na Bungoma wameoana hawa, ukigeuka hivi unaona shemeji, ukigeuka hivi unaona mkwe. Mama mkwe wangu nilimletea kiti cha sofa kutoka nyumbani, nikamkalisha mbele kabisa. Baba mkwe kando yake na koti na tai. Mimi nilikuwa nimesimama kwa deki, hatua tatu kutoka kwake, anaona uso wangu wote.

Barasa alikaa nyuma kabisa na mke wake na wale watoto. Alikuwa ameazima suti. Ilikuwa kubwa, mikono imemeza vidole.

Nikawasha.

Mwanzo watu walicheka kidogo, ile ya kuku. Nikasikia kijana mmoja ameanza "kwe kwe kwe" halafu akanyamaza, kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni. Kumbe ameona mama mkwe wake amekaa benchi ya mbele yake. Kukawa kimya. Suruali ikapasuka. Kimya! Barasa anarudi nyuma, anainama, mama anamsifu. Kimya! Mnajua kimya cha ukumbi wa watu mia mbili na filamu ya kuchekesha inaendelea? Nilisikia jenereta huko nje inavyokohoa. Nilisikia mtoto anauliza, "Mama, mbona hatucheki?" na akafinywa.

Na sasa nawaambia ile kitu sijawahi kuambia mtu.

Mimi nilitaka kucheka. Nilikuwa naijua hiyo filamu yote na bado kicheko kilinipanda. Nilijiuma ndani ya shavu mpaka nikasikia damu. Nilikuwa nasema moyoni, mama mkwe ananiangalia, mama mkwe ananiangalia. Kwa hivyo nilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekufa na kicheko, nimekibana, na nilijua kila mtu humo ndani amekibana kama mimi. Hiyo filamu haikuwa na ubaya wowote. Mimi ndiye nilikuwa nimekalisha watu mahali ambapo hawawezi kucheka.

Ile sehemu ya mwisho, ya miguu juu, mama mkwe alijifunika uso na leso. Akasimama. Akatoka nje bila kuangalia mtu, na wamama wa Kimilili wakamfuata mmoja mmoja. Baba mkwe alibaki ameangalia viatu vyake.

Mablanketi yakatolewa, mwanga ukaingia, watu wote wananiangalia. Nikasikia joto limenipanda kutoka shingoni. Ningesema, "Wazazi, nisameheni, nimekosea kuwakalisha hivi." Maneno machache tu! Baba mkwe alikuwa mtu mwelewa, angenisamehe.

Lakini nikashika kipaza sauti nikasema, "Wazee, samahani sana. Mimi ni wa kamera tu. Hayo mambo ya suruali aliyaleta huyu Barasa. Nilimwamini kwa vile watu wa soko wanamsifu, kumbe ni mtu wa upuuzi, hata kuchekesha hajui. Ameniaibisha na amewaaibisha nyinyi."

Nikamwonyesha kwa kidole. Watu wote wakageuka.

Barasa alisimama polepole. Nilifikiri atasema, na angesema ningeisha, kwa sababu yule mtu kwa maneno hakuna angemweza. Lakini aliangalia mke wake, akashika mtoto mdogo mkono, wakatoka. Ile suti ilikuwa inamning'inia mgongoni.

Wazee walinipigia makofi. Ndiyo, walipiga! Baba mkwe akanishika mkono, akasema, "Kijana, umefanya vizuri kusema ukweli." Ole wangu.

Jioni hiyo tulirudi Kitale, mke wangu akatangulia kuingia nyumbani. Alivua viatu, akaniambia, "Baba watoto, nilikuwa nimebana kicheko mpaka mbavu zinaniuma. Barasa alichekesha. Wewe ndiye umetuaibisha." Tangu siku hiyo tunaishi vizuri, tunalea watoto, lakini nikimsimulia jambo lolote, naona vile ananiangalia kwanza kabla hajaamini.

Habari ilifika Kitale kabla ya Jumatatu. Mnajua soko. Barasa akitandika gunia lake, kijana wa kwanza anapiga kelele, "Huyu si ndiye alishindwa kuchekesha Bungoma?" Mwingine anasema, "Wee, usimchekee, atavua suruali!" Akianza ile ya panya, watu wanasimama wakiwa wamefunga mikono. Wanangoja aanguke. Mtu hawezi kuchekesha watu wanaongoja aanguke. Nilikuwa nasikia yote hayo kutoka mlango wa studio yangu, si mbali, mnaelewa? Nikarudi ndani nikafunga pazia.

Hapo bado sijamaliza. Baada ya miezi michache niliitwa harusi na sikuwa na kaseti mpya. Nikachukua ile kaseti kuu ya filamu, nikapiga harusi juu yake. Niliona kama nikifuta, mambo yamekwisha. Watu walioana juu ya Barasa, wakakata keki juu yake.

Miaka ikapita. Studio ikazidiwa, nikahamia Bungoma, napiga harusi na mazishi. Filamu sikutengeneza tena. Nilijaribu mara moja, nikamwomba fundi mmoja wa cherehani mwenye maneno ya kuchekesha aigize. Akaniuliza, "Na watu wasipocheka, utasema ni nani?" Nikakunja mkeka wangu.

Juzi, kabla mvua hizi hazijaanza, nilienda Kibabii kupanga mambo ya harusi ya watu fulani. Kukiwa mchana, niko uani nangoja mwenye nyumba, nikasikia kicheko ndani. Si kicheko cha mtu mmoja. Kile cha nyumba nzima, cha kupiga meza! Na katikati nikasikia sauti ya Barasa. "Asante mama, Mungu akubariki mama."

Niliingia bila kukaribishwa. Kukhu, yaani nyanya wa hiyo boma, alikuwa amekaa kwenye kiti na wajukuu wamemzunguka, machozi yanamtoka. Mnajua kwetu nyanya na mjukuu hakuna kitu hawacheki pamoja. Hapo hakuna mkwe, hakuna wa kuogopwa. Mjomba wao mmoja mwenye duka aliazima filamu yangu zamani akaikopi, na hiyo kopi ndiyo ilibaki, imechoka, picha ina mistari, sehemu nyingine zimekatika. Wajukuu walikuwa wanairudisha nyuma ile sehemu ya kuagana. Mara ya nne, mara ya tano, na kukhu anashika tumbo, "Wacheni, mtaniua! Hebu rudisha tena!"

Akaniona. Akapangusa macho, akaniuliza, "Baba, wewe si mtu wa video? Huyu kijana ni nani? Yuko wapi siku hizi? Nikimpata nitamchinjia jogoo."

Nilisema nimeitwa mahali, nikatoka. Harusi yenyewe sikuipanga.

Kesho yake nikaenda Kitale. Barasa bado yuko pale pale, gunia lile lile, nywele zimeingia mvi. Ameweka kipande cha boksi kimeandikwa DAWA YA PANYA na bei. Amekaa nyuma yake, ameinamisha kichwa. Mteja mmoja akaja akauliza, "Mzee, hii inaua kweli?" Nikangoja nisikie atasema nini.

"Inaua," akasema. Akapokea pesa. Basi.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia yote ya Kibabii. Nikamwambia kukhu amelia na kicheko, watoto wanairudisha, filamu ilikuwa nzuri, ni mimi niliharibu. Nikasema, "Ndugu yangu, nisamehe. Uliniambia na sikusikia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mimi nilijua ilichekesha," akasema. "Nilikuwa nimekaa nyuma. Watu wakibana kicheko, mabega yanatikisika. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisika. Nilikuwa nimeanza kufurahi, nikamwambia mama watoto, angalia mabega."

"Ile kitu sikujua," akaendelea, "ni kwamba wewe unaweza kushika kile kipaza sauti useme vile. Sasa nikitaka kuanza ya panya, naangalia watu, naona yeyote kati yao anaweza kuwa wewe. Mdomo unakauka."

Nikasema tena, "Nisamehe, Barasa."

"Uliniaibisha mbele ya watu mia mbili," akasema. "Mke wangu alikuwa hapo. Watoto walikuwa hapo. Leo unakuja kuniomba msamaha peke yangu, hapa chini, hata jirani anayeuza nyanya hasikii. Huo ni msamaha wa nani?"

Akaanza kupanga vipakiti vyake, ingawa vilikuwa vimepangwa. Nikasimama nikaenda.

Nimefikiria maneno yake kila siku. Ule ukumbi nitaujaza vipi tena? Baba mkwe amefariki, akiamini mpaka kaburini kwamba mkwe wake ni mtu wa kusema ukweli. Wengine wamehama. Kwa hivyo nimeandikia gazeti hii, watu wengi waisome, zaidi ya mia mbili. Kama ulikuwa kwenye ule ukumbi, nakuomba upite soko la Kitale. Utamwona, ana mvi na kipande cha boksi. Nunua pakiti moja na umwambie ulicheka. Mwambie ulijiuma midomo. Usimwambie nimekutuma.

Na wewe unayesoma, kama umekosa mbele ya watu, liseme kosa lako hapo hapo ukiwa bado umesimama. Usitafute mtu wa kumwonyesha kwa kidole, hasa yule anayekupenda, kwa sababu huyo hatajitetea. Atashika mtoto wake mkono aende, na utabaki na makofi.

Nilikuwa nimekusudia kuweka jina langu hapa chini. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Mama mkwe bado yuko hai, na wajukuu humsomea gazeti kila wiki.

Sijaliweka.